Ukili wa Wambaa na Nguo za Walioachwa Huru

Tulipokubaliana kubadilisha mkeka uliokuwa umechakaa mbele ya madhabahu ya kanisa letu, mzee mmoja wa baraza alisimama akauliza kwa nini twende mpaka Wambaa ilhali madukani Chake Chake imejaa mikeka ya plastiki, mizuri, ya rangi, isiyooza kwa unyevu wala kuliwa na mchwa. Lilikuwa swali la haki. Mkeka wa plastiki unafuliwa kwa sabuni ukaanikwa, na bei yake haimtishi mtu. Baadhi yetu tulijibu kwamba mbele za Bwana hapafai kutandikwa kitu cha kiwandani, lakini jibu hilo halikumridhisha mzee, na kusema kweli halikuturidhisha hata sisi, maana kitambaa kinachofunika madhabahu yenyewe kilitoka kiwandani na hakuna aliyewahi kulalamika. Mwishowe tulikwenda kwa kura, si kwa hoja. Hoja tuliipata huko huko, na haikuwa ile tuliyoitafuta.

Wambaa iko upande wa magharibi wa kisiwa cha Pemba, katika Wilaya ya Mkoani, kaskazini kidogo ya bandari. Ni nchi ya mikarafuu na minazi inayoteremka hadi kwenye mikoko na mchanga, na watu wake wanaishi kwa shamba na bahari. Ukipita vibarazani mchana, baada ya kazi za jikoni, utawaona wanawake wamekaa miguu imenyooshwa, na mikononi mwao kuna kitu kinachorefuka polepole bila wao kukitazama. Huo ndio ukili.

Ndugu msomaji, ikiwa umekulia bara huenda mkeka kwako ni mkeka tu, kwa hiyo tuseme kidogo jinsi unavyozaliwa. Ukindu hukatwa kwenye mkindu jani likiwa bado changa, halijafunguka. Huchanwa, ukaanikwa juani mpaka ukawa mweupe. Ule unaotakiwa rangi huchemshwa chunguni pamoja na rangi yenyewe. Siku hizi rangi ni unga unaonunuliwa dukani, lakini zamani nyeusi ilitoka katika mizizi ya mdaa na njano ikatoka katika bizari. Kisha mwanamke huanza kusuka: chane moja juu, nyingine chini, zote zikienda mshazari, mpaka upatikane utepe mwembamba mrefu ambao hupimwa kwa pima na kuviringwa. Utepe huo peke yake hauna kazi. Mkeka hupatikana pale kili zinapolazwa ubavu kwa ubavu na kushonwa, moja baada ya nyingine, halafu ukazungushiwa pindo. Kwa hiyo nakshi unayoiona juu ya mkeka haikuchorwa juu yake. Ilihesabiwa tangu mwanzo, kila chane ya rangi ikiingia mahali pake, na msukaji akikosea moja, kosa litatembea naye pima nzima.

Bibi tuliyeelekezwa kwake alikuwa amekaa barazani na msichana, mjukuu wake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wanangu. Karibuni, kaeni. Mwataka wa kulalia au wa kuswalia?"

Tukatazamana. Mmoja wetu akasema, "Wa kuswalia, bibi." Halafu, kwa kuwa uongo ungeanza pale pale, akaongeza, "Lakini ni wa kanisani."

Vidole vyake havikusimama. "Kanisani mnakaa chini?"

"Hatukai, bibi. Ni wa mbele, mahali padri anaposimama, na watu huja kupiga magoti."

"Basi uwe mzito," alisema. "Magoti ya watu wazima yanauma."

Tulikuwa tumejiandaa kwa maneno mengi kuhusu ujirani mwema wa Waislamu na Wakristo. Hayakuhitajika.

Tukapatana bei, tukaletewa chai, na mazungumzo yakaenda yanakokwenda mazungumzo ya watu wanaotazama mikono ya mwenzao. Tulimsifu kwa kanga aliyojifunika. Akacheka, akasema watu wa zamani hawakuwa wakivaa wote sawa, wengine walikwenda kichwa wazi. Hakusema ni akina nani, nasi hatukumwuliza. Pemba kuna mambo ambayo kila mtu anayajua na hakuna anayeyataja kwa majina ya koo. Sisi tulikuwa na sababu yetu ya kunyamaza: wengi katika kanisa letu ni vitukuu vya watu hao waliokwenda kichwa wazi.

Katika karne ya 19 Pemba ilifunikwa na mikarafuu, hasa baada ya kimbunga cha mwaka 1872 kilichoing'oa mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba imesimama kwa sehemu kubwa. Waliopanda, waliopalilia na waliochuma walikuwa watumwa, waliotolewa Nyasa, Uyao na kwingineko bara. Na katika miji na mashamba ya pwani wakati huo nguo ilikuwa kama hati. Muungwana alivaa kanzu, kilemba au kofia, na viatu. Mtumwa mwanamume alifunga shuka kiunoni, na mbele ya waungwana hakuvaa kofia wala viatu. Mjakazi alijifunga kitambaa kimoja chini ya makwapa, mabega na kichwa vikabaki wazi. Mtu hakuhitaji kukuuliza wewe ni nani, alikutazama tu.

Kitambaa hicho kilikuwa merikani. Jina lenyewe linasema kilikotoka: tangu miaka ya 1830 merikebu za Salem, Massachusetts, zilikuwa zikileta Unguja majora ya pamba isiyopaushwa, kutoka viwanda vya kaskazini mwa Marekani. Viwanda hivyo vilisokota pamba ya kusini, na pamba ya kusini ilichumwa na watumwa. Tulipolitambua hilo kwa mara ya kwanza tulikaa kimya. Mtumwa wa Pemba alivikwa jasho la mtumwa wa ng'ambo ya Atlantiki, na baina yao wawili walisimama watu wengi waliopata faida. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, viliikatiza biashara hiyo, vitambaa vya Uingereza na India vikaingia mahali pake, lakini jina la merikani likabaki. Merikani iliyotiwa nili ikawa bluu iliyokoza karibu na weusi iliitwa kaniki. Ilikuwa nguo ya kazi, isiyoonyesha uchafu, na ilikuwa nguo ya wanyonge.

Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed, akisukumwa na Waingereza, alitoa amri ya kuondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba. Vitabu vingi vya kanisa huandika mwaka huo kwa herufi za shangwe, nasi tunashukuru. Lakini amri yenyewe ina aibu zake. Fidia ililipwa kwa mabwana. Mtumwa hakuachwa huru alipolala na kuamka. Ilimpasa aende mwenyewe mahakamani kuomba, na aonyeshe kwamba ana mahali pa kukaa na njia ya kujikimu. Masuria hawakuhesabiwa miongoni mwa wenye haki hiyo, ila kwa sababu ya ukatili, mpaka amri nyingine ilipotoka mwaka 1909. Msomaji wa Kumbukumbu la Torati 15 atakumbuka Mungu aliagiza kinyume: anayemwacha mtumwa wake huru asimtoe mikono mitupu, bali amtwike kwa ukarimu kutoka katika kundi lake, sakafu yake ya nafaka na shinikizo lake. Pemba aliyetwikwa ni bwana.

Ni wakati huo huo wamisionari walipofika kisiwani. Marafiki wa Uingereza, wale waitwao Wakweka, walimtuma Theodore Burtt mwaka 1897, wakanunua shamba la Banani ambako walioachwa huru walifanya kazi ya karafuu kwa ujira. Misheni ya Vyuo Vikuu, UMCA, ilijenga Weti. Unguja, UMCA walikuwa wametangulia kwa miaka mingi: kule Mbweni kulikuwa na kijiji cha walioachwa huru na shule ya wasichana iliyoongozwa kwa muda mrefu na Caroline Thackeray, aliyefika mwaka 1877. Wasichana wale walifundishwa kusoma, na pia kushona, kufua na kupika.

Sisi tulilelewa kwa hadithi ya misheni kuwavika watu waliokuwa uchi. Tuliisikia mimbarini na katika darasa la kipaimara: watu walikuja wamechakaa, kanisa likawapa nguo na sindano. Hadithi hiyo si ya uongo. Kuna watu waliotoka majahazini wakiwa hawana hata kitambaa, na kuna mikono ya akina mama wa Kiingereza waliokesha wakishona. Dorkasi wa Yafa, ambaye wajane walisimama wakilia na kuonyesha kanzu na nguo alizowashonea, ana dada zake wengi katika misheni. Lakini hadithi hiyo inamweka aliyeachwa huru katika nafasi moja tu, ya kupokea. Historia ya nguo pwani inasema vingine.

Maana walioachwa huru hawakungoja kuvikwa. Jambo la kwanza ambalo wengi wao walilifanya kwa senti za kwanza ni kununua nguo, na si ya kujisitiri tu. Wanawake walitaka kanga. Kanga ilikuwa mpya wakati huo. Inasimuliwa kwamba wanawake wa mjini, katika miaka ya 1870 na 1880, walianza kununua leso za mkononi zilizouzwa kwa jora, wakakata sita sita na kuzishona, tatu juu na tatu chini, wakapata nguo moja pana yenye nakshi ambayo hakuna mfanyabiashara aliyeibuni. Mafundi wa viwandani, wa India na Ulaya, waliwafuata wao. Baadaye pindo likazunguka pande zote, mji ukakaa katikati, na likaongezwa jina, yaani yale maneno yanayosema lile ambalo mwenye kuvaa hataki kulisema kwa mdomo. Katika habari ya maneno hayo hutajwa sana Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, aliyejulikana kwa jina la Abdulla, na kanga zake za "Mali ya Abdulla". Mwanzoni yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Kanga huuzwa doti, mbili pamoja, na hapo ndipo penye siri yake: moja ya kujifunga, ya pili ya kujitanda. Mwanamke ambaye sheria ya desturi ilimwacha kichwa wazi sasa alikuwa na kipande cha pili.

Wanaume walitaka kanzu na kofia. Kofia ya viua ni kazi ya sindano isiyopungua ugumu wa ukili. Vitambaa viwili vyeupe hulazwa pamoja, nakshi ikachorwa kwa penseli, kisha tundu moja moja likatobolewa na kuzungushiwa uzi mpaka likaze, mamia kwa mamia, huku sehemu zilizo kati zikishonwa zikainuka. Hushonwa vipande viwili, utepe wa pembeni na duara la juu, ndipo vikaunganishwa. Kofia nzuri huchukua majuma, hata miezi, kwa kuwa mshonaji huishika baina ya kupika na kulea. Pemba bado inashonwa. Siku hizi kofia za mashine kutoka ng'ambo zimejaa sokoni kwa bei ambayo mkono hauwezi kushindana nayo, lakini mzee anayejua kofia ataigeuza ndani kwanza kabla ya kuuliza bei.

Hapa lipo jambo linalotusumbua, nasi tuliandike. Mtume Paulo, katika 1 Wakorintho 11, anataka mwanamume asali bila kufunika kichwa, na Kanisa limelishika hilo. Mvulie Bwana kofia: tulifundishwa hivyo tangu utoto na hatukuona uzito wowote. Lakini mfikirie mtu wa mwaka 1900, aliyechuma karafuu ya mwingine maisha yake yote kichwa wazi kwa sababu hakuruhusiwa kukifunika, ambaye amenunua kofia yake ya kwanza, na Jumapili anafika mlango wa kanisa akaambiwa aivue. Jirani yake, mtumwa wa jana kama yeye, aliyekwenda msikitini, aliingia nayo akasimama safu moja na muungwana. Tukisoma taarifa za misheni zinazolalamika kwamba Pemba waongofu walikuwa wachache na wengi walivutwa na Uislamu, tunakuta sababu nyingi zimetajwa, nguvu za mabwana wa Kiarabu, mila, ugumu wa mioyo. Kofia hatujaiona katika orodha. Hatusemi Paulo alikosea. Tunasema kwamba tendo lile lile la unyenyekevu halina uzito mmoja kwa aliyezaliwa na kofia na kwa aliyeipata jana.

UMCA, kwa haki yao, hawakutaka kumgeuza Mwafrika awe Mwingereza kwa mavazi. Na walifanya jambo lingine ambalo huenda hawakulipima: walipotafsiri Maandiko kwa Kiswahili cha pwani, waliingiza ndani yake maneno ya mafundi wa pwani. Tazama habari za hema katika Kutoka, sura ya 26 na ya 35. Biblia ya Kiswahili inapotafuta jina la yule aliyepamba mapazia ya patakatifu, inatumia neno taraza. Taraza ni ule utepe wa hariri wenye nakshi unaofumwa na kushonwa pembeni mwa nguo za waungwana. Kila tunaposoma jinsi Roho wa Mungu alivyomjaza Bezaleli ustadi, na jinsi wanawake wenye hekima walivyosokota kwa mikono yao wakaleta walichosokota, tunasoma kwa maneno ya watu wa majumba haya haya, mengi ya Kiislamu, ambao hatukuwahi kuwashukuru.

Na katika hema lile hakuna aliyeleta kwa kuwa amevikwa. Walileta kwa kuwa walikuwa na kitu mkononi. Nao walikuwa watu waliotoka utumwani juzi.

Tulirudi Wambaa baada ya majuma kadhaa kuona kazi imefika wapi. Baraza lilikuwa limetutuma na ombi: katikati ya mkeka pawe na msalaba. Tulilisema kwa aibu kidogo. Bibi hakukunja uso. Aliwaza kama fundi, akachukua chane mbili nyekundu akajaribu, akafumua, akajaribu tena. Msichana akainama kutazama. Mwisho akatuonyesha: chane zote zinakwenda mshazari, kwa hiyo mstari wowote utakaowekwa utalala, hautasimama, na msalaba wenu mkiutandika utakuwa kama mtu anayeanguka. Angeweza kuushona juu yake baadaye kwa uzi, alisema, lakini utakatika kwa miguu, "na hamtapenda kuona unakanyagwa."

Hilo hatukuwa tumeliwaza. Mzee wetu wa baraza, yule yule wa plastiki, alikuwa amefuatana nasi safari hiyo. Aliuliza basi yeye mwenyewe angeweka nini.

Akatuonyesha ukili aliokuwa ameusuka tayari, zambarau na nyeupe, vijumba vidogo vinavyofuatana kama mapovu ya maji yanayopwa. Alisema ameusuka hivyo tangu alipokuwa na umri wa yule msichana, na kabla yake mama yake. Mzee aliupitisha vidoleni kwa muda mrefu, akaugeuza chini akatazama upande wa pili, kama watu wanavyofanya na kofia. Kisha akalipa pesa iliyobaki, akaomba wa pili, mdogo, wa nyumbani kwake.